Simba wa Narnia Alipata Wapi Jina Lake?

Kampuni ya Netflix ya Marekani ilitangaza mwaka 2018 kwamba imepata haki za kutengeneza filamu za hadithi za Narnia, na mwaka 2023 ikajulikana kuwa mtengenezaji filamu Greta Gerwig ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Tangu hapo wazazi kadha wa kadha wa huku mwambao wamenijia na swali moja: je, hadithi hizi za simba asemaye, za majini na wachawi, zawafaa watoto wetu wa Kiislamu, ama tuwafungie mlango? Nami husema, ngojeni kwanza. Kabla ya kumfukuza mgeni, yafaa tumtazame vizuri usoni tujue ni mwana wa nani.

Mtungaji wake ni Clive Staples Lewis, mzaliwa wa Belfast mwaka 1898, aliyefundisha fasihi huko Oxford na baadaye Cambridge. Vitabu ni saba, vilivyotoka kimoja kila mwaka tangu 1950 hadi 1956. Mwenyewe alieleza kwamba yote yalianza kwa picha iliyomjia kichwani akiwa kijana wa miaka 16: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, apita katika msitu wenye theluji, kashika mwavuli na vifurushi. Picha hiyo akakaa nayo hata alipokaribia umri wa miaka 40, ndipo akajiambia, haya, na tujaribu kuitungia hadithi. Mwaka 1939 vita vilipozuka, watoto wa London walihamishiwa mashambani kuepushwa na mabomu, na baadhi yao walikaa nyumbani kwake. Hao ndio asili ya wale watoto wanne wanaoingia kabatini kwenye nguo na kutokea nchi nyingine. Simba hakuwemo mwanzoni. Alikuja baadaye, wakati Lewis akisumbuliwa na ndoto za simba usiku, na alipokuja aliivuta hadithi nzima nyuma yake.

Yako na mengine. Mamake alifariki mwaka 1908 kwa ugonjwa wa saratani, mtoto hajatimiza miaka kumi, na katika kitabu cha sita yumo kijana anayetafuta tunda la kumponya mamake aliye kitandani. Yeye na nduguye walikuwa wakibuni nchi ya wanyama waliovaa nguo na kusema kama watu. Alimsoma Edith Nesbit, yule mama wa Kiingereza aliyeandika juu ya watoto wenye zulia la kichawi. Viumbe wengine aliwachukua kwa Wayunani na Warumi, wengine kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, akawatia wote chungu kimoja. Rafiki yake Tolkien hakuupenda mchanganyiko huo. Mimi sioni aibu yake. Hadithi za bibi zetu zina Sultani wa Kiarabu, mfanyabiashara wa Kihindi na sungura wa bara katika ukumbi mmoja, na hakuna aliyeuliza vibali vyao vya safari.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Jina la yule simba, kiumbe mtukufu kuliko wote katika vitabu vyote saba, ni Aslan. Hilo si neno la Kiingereza wala la Kiyunani. Ni neno la Kituruki, na maana yake ni simba. Lewis alisema wazi kuwa alilipata katika maelezo ya tafsiri ya Alfu Lela Ulela iliyofanywa na Edward William Lane, Mwingereza aliyeishi Kairo, ambayo ilitoka London kati ya 1838 na 1840. Na yule mchawi mweupe, adui wa simba, anaelezwa na mmoja wa wanyama kuwa nasaba yake kwa upande mmoja ni ya majini. Kwa hivyo mema na maovu ya Narnia, yote mawili, yamepitia katika vile vitabu vya usiku elfu na moja ambavyo babu zetu walivijua kabla hajazaliwa mtu wa kuwauzia.

Basi ungetazamia kwamba mtu aliyekopa hivyo angewaheshimu aliowakopa. Hapa ndipo nilipokunja uso. Kusini ya Narnia, ng'ambo ya jangwa, Lewis aliweka dola iitwayo Calormen. Watu wake ni weusi wa uso, wana ndevu na vilemba, wana vitara viunoni, wauza watumwa, na mfalme wao hatajwi ila aombewe kuishi milele. Mungu wao ni sanamu yenye kichwa cha ndege na mikono minne. Sanamu! Mtu yeyote aliyekaa chuoni hata mwezi mmoja ajua kwamba watu wa vilemba na vitara, ikiwa ndio hao anaokusudia, sanamu ndilo jambo la kwanza walilolivunja. Lewis alichukua mavazi mahali pamoja na ibada mahali pengine, na mtoto wa Kiingereza akisoma hawezi kuona mshono. Mtoto wa Lamu aweza kuuona, lakini kwanza atajiona mwenyewe katika sura ya adui.

Jengine lanigusa kwa kazi yangu. Katika kitabu cha tano mfalme wa Calormen na waziri wake hawasemi neno bila ya kunukuu washairi, na washairi hao ni wa mawaidha matupu, ya hekima nzito kama mawe ya kusagia. Lewis anawacheka. Nakiri ameona kitu: tunao watunzi ambao beti zao zote ni usifanye hiki na usifanye kile. Lakini kuwafanya washairi wa mashariki yote kuwa hivyo ni sawa na kuonja chumvi ukasema umekula pilau.

Haki yake pia tumpe. Katika kitabu hicho hicho yumo Aravis, binti wa Calormen anayekimbia kuozwa mzee asiyemtaka, na hakuna msichana shujaa kumshinda katika vitabu vyote. Pia Lewis anasifu jinsi watu wa Calormen wanavyofundishwa kusimulia hadithi, na kusema kwamba kazi hiyo ni bora kuliko insha wanazoandikishwa watoto wa Kiingereza. Na katika kitabu cha mwisho yumo askari wa Calormen aliyeabudu kwa moyo safi, na simba anampokea. Kwa mtu wa zama zake hilo si dogo.

Wazazi wajue na hili: Lewis alikuwa Mkristo mwenye bidii, na simba wake anayeuawa akafufuka ni mfano wa imani hiyo, wala hakuficha. Mtoto wa Kiislamu asomaye hahitaji kunyang'anywa kitabu, ila awe na mtu mzima wa kumwambia hapa mtungaji asema hivi, na sisi twasema hivi. Wanyama kusema si jambo la kumtisha. Chuoni tulisoma Suratun Namli, tukamsikia chungu akiwaonya wenziwe jeshi la Nabii Suleimani lisiwakanyage, na hudihudi akileta habari za Sabaa.

Linalonitia wasiwasi ni jengine. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London kitabu cha hadithi za Waswahili alizozikusanya Unguja. Humo mna paa anayemtajirisha maskini, na mna nunda mla watu, paka wa Sultani Majnuni aliyeanza kwa ndama akaishia kwa binadamu, na Sultani akimtetea kila siku kwamba paka ni wangu na kilicholiwa ni changu. Mwaka 1901 Andrew Lang akazitia hadithi hizo mbili katika kitabu chake cha jalada la zambarau, na watoto wa Uingereza wakamjua nunda. Yaani viumbe wetu walikwisha safari, wakasomwa majuu, nasi hatukuwatungia vitabu saba wala viwili. Majuzi niliwauliza watoto wa mtaani kwangu. Wote walimjua Aslan. Nunda hakuna aliyemjua, na mmoja akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, huyo ni wa filamu gani?"

Kitabu cha Steere kina Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Nimeanza kuwasomea watoto hao upande wetu, jioni baada ya Isha, na sasa tumefika pale paka anapowageukia wana wa Sultani mwenyewe.