Usiache Mbachao

Ukiishi Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, simu janja yako ya kwanza itakufunza mambo mawili mapema. Simu ya kitochi hukaa na chaji siku kadhaa; hii hudai umeme kila jioni. Tena bando huliwa hata ukiwa umelala. Hata hivyo utaipenda, kwa kuwa imebeba habari za Lusaka na salamu za Kiswahili kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo.

Hatari huanzia katika mapenzi hayo. Taratibu redio hufunikwa vumbi, na simu huwa dirisha pekee la kuutazamia ulimwengu.

Kumbuka Agosti 12, 2021. Wazambia walipokuwa wakipiga kura, WhatsApp ilizuiwa nchini. Siku iliyofuata Mahakama Kuu ya Lusaka iliamuru ifunguliwe. Kifungu cha 20 cha Katiba ya Zambia hulinda uhuru wa kupokea na kutoa habari. Lakini haki hudaiwa mahakamani, na kesi huchukua muda. Katika muda huo, mwenye redio aliendelea kusikiliza. Aliyeitegemea WhatsApp peke yake alibaki akiuliza.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, nao bado hulalika. Nunua simu janja ukiweza, uitumie kwa akili. Redio usiiuze, na jirani usiache kumwuliza habari.