Tusisahau selimundu

Makala kuhusu upasuaji wa nyonga kwa kamera ni nzuri, ila kwa sisi wa Shinyanga na Geita kuna jambo limerukwa. Gegedu la nyonga halina mishipa ya damu, likichanika haliponi kirahisi. Hapo kamera na vifaa vinavyopitishwa kwenye vitundu vidogo husaidia kweli. Lakini Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu. Ugonjwa huo huweza kuzuia damu, na damu isipofika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hufa na kubonyea, na ukishabonyea mara nyingi dawa ni kubadilishiwa nyonga. Kijana anayepandisha viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimo la mgodi, akisikia maumivu ya kinena yanayoshuka hadi gotini, asiishie kuchua na kumeza diklofenaki. Apimwe selimundu, na eksirei ya kwanza ikionekana safi asiridhike. Aombe rufaa Hospitali ya Bugando, Mwanza.