MAJALADA YA PINTO YAFUNGULIWE



Tarehe 24 Februari 1965, nje ya nyumba yake Westlands, Nairobi, Pio Gama Pinto alipigwa risasi garini mwake, naye binti yake mdogo yumo ndani. Alikuwa Mbunge, mwenye umri wa miaka 37. Wakoloni walimkamata mwaka 1954, wakamweka kambini Takwa, kisiwani Manda, kisha Kabarnet, hata 1959, hawakumvunja. Kilichomwua kilimkuta ndani ya Kenya huru.

Aliyepatikana na hatia ni kijana mmoja, Kisilu Mutua. Mwenziwe aliyeshitakiwa naye aliachiliwa. Kisilu alihukumiwa kunyongwa, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akatoka gerezani mwaka 2000, baada ya miaka 35, akishikilia kuwa hakumwua Pinto. Twauliza: kijana asiye na cheo alikuwa na kisa gani na Mbunge yule? Swali hili si letu peke yetu. Jaji Mkuu Ainley, aliyemtia hatiani, alisema mwenyewe kuwa kesi ile yaonekana haijakamilika, na huenda si wote waliohusika waliofikishwa mbele yake. Na mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ikakata shauri kuwa ushahidi wa mazingira watosha kuonyesha kwamba Serikali ilihusika.

Siku tatu tu kabla ya Pinto, mjini New York, aliuawa rafiki yake Malcolm X, katika ukumbi wa Audubon, ukumbi ule ule ambamo mwana wa Unguja, Abdulrahman Babu, alihutubia tarehe 13 Desemba 1964. Walifungwa watu watatu. Mmoja alikiri, akaiambia mahakama mwaka 1966 kuwa wenziwe wawili hawamo. Hakusikilizwa. Wawili hao, Muhammad Aziz na Khalil Islam, walikaa gerezani zaidi ya miaka 20 kila mmoja, na mwaka 2021 ndipo hukumu zao zilipofutwa, kwa kuwa FBI na polisi wa New York walikuwa wameficha karatasi zenye kuwatetea. Islam alikwisha kufa tangu 2009.

Basi Nairobi nayo ifungue majalada ya polisi na ya usalama ya Februari 1965: nani alitumwa, na nani, na kwa amri ya nani.