Neno "Mapenzi" Lisifanywe Tusi

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, aliniletea daftari lake la insha. Alikuwa ameandika kumhusu marehemu nyanya yake, yaani mama yangu mzazi, akasema kwamba mapenzi ya nyanya ndiyo yaliyomtia hamu ya kusoma. Mwalimu alilizungushia neno "mapenzi" wino mwekundu na kuandika pembeni: "Upendo! Mapenzi ni ya mume na mke." Alama zikapunguzwa. Hata hivyo, lililonichoma si alama, bali swali aliloniuliza mtoto huyo kwa haya: "Mjomba, kwani nilimtusi nyanya?"

Simlaumu mwalimu huyo peke yake. Dhana hii imeenea mno. Nyimbo na vipindi vya redio vimelivuta neno hili upande mmoja, hata anayeandika "mpenzi msomaji" huwafanya baadhi ya vijana kuangua kicheko. Swali ni hili: je, sisi walimu wa lugha tuufuate mkondo huo na kuugeuza kuwa kanuni ya kusahihishia mitihani?

Hebu tuanze na mzizi. Kitenzi "penda" hakibagui. Twawapenda wazazi, twaipenda nchi, twapenda ugali na twapenda kusoma. Fauka ya hayo, kitenzi hiki hubeba maana ya kutaka na kuridhia. Mgeni huambiwa, "Ukipenda, keti hapa." Waagana husema, "Mungu akipenda tutaonana." Ndiyo maana waumini hutaja "mapenzi ya Mungu" wakikusudia matakwa yake Mola. Ikiwa mapenzi ni ya mume na mke pekee, dua za waumini hao tutazisahihisha kwa wino gani?

"Upendo" na "mapenzi" ni ndugu wa tumbo moja. Sauti "nd" imegeuka "nz" kama ilivyogeuka tunapopata "mlinzi" kutokana na "linda", au "mpanzi" kutokana na "panda". Mabadiliko hayo ni ya sauti. Hayakuleta aibu yoyote. Mzizi uo huo umetuzalia "pendeza", "pendekeza" na "pendelea". Hili la mwisho lingefaa kututia hofu zaidi sisi walimu, maadamu upendeleo darasani ni mapenzi yaliyokosa haki.

Tena Kiswahili si maskini wa maneno ya uwanja huu. Kutoka Kiarabu tulipata "huba", "mahaba", "muhibu" na "mahabubu", yote ya shina moja. Anayetaka kutaja hisia za wachumba ana "mahaba" na "ashiki". Anayetamani kumwona aliye mbali ana "shauku". Anayeguswa na dhiki ya mwenzake ana "huruma", au humwonea "imani". Anayemtunza mtu au kitu kwa heshima "hukienzi" au "humwenzi". Na mzazi anayezidisha kiasi "hudekeza". Kila neno lina kivuli chake, na kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mwanafunzi vivuli hivyo, si kumfungia mlango.

Sikatai kwamba maneno hugawana kazi. "Upendo" limeelekea zaidi kwenye wema wa jumla, na mahubiri ya makanisani yamechangia. Vilevile fungu la maneno "kufanya mapenzi" limelitia doa neno letu. Lakini mwelekeo si sheria. Muktadha ndio hakimu. Aandikapo mtoto "mapenzi ya nyanya", nani mwenye akili timamu atakayefikiria vingine? Methali yetu isemayo "mpenda chongo huita kengeza" haikutuuliza kama mpendaji ni mama, rafiki au mchumba. Yatuhusu sote.

Tuutazame pia Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858. Huo ni wasia wa mama mgonjwa kwa bintiye. Mwanafunzi anayeulizwa ni nini kilichomsukuma mama huyo kutunga, akijibu kwamba ni mapenzi kwa mwanawe, atakuwa amekosea wapi?

Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima la mtihani katika shule zetu. Kwa mamilioni ya vijana, wino wa mwalimu ndio uliowafunza lipi ni halali kusemwa. Mtoto aliyeadhibiwa kwa neno safi hujifunza kuogopa, na mwoga huandika maneno machache yale yale yasiyo na hatari. Kisha sisi hao hao hulalamika kwamba insha zimekauka kama jani la kiangazi.

Walimu wenzangu, kabla ya kulikata neno, tulifungulie kamusi na tuisome sentensi nzima. Nanyi wanafunzi, mkikatwa alama mwendeeni mwalimu kwa adabu, mkiwa na kamusi mkononi. Kumuuliza mwalimu si kumdharau.

Mpwa wangu nilimjibu kwamba hakumtusi nyanya yake hata kidogo. Nilimwambia pia kwamba marehemu, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alikuwa akituita sote "wapenzi wangu" kila tulipoketi kula. Hakuna aliyecheka.