Tulitaka Abaki Juani

Muuza rolex wetu wa Wandegeya ameondoka kando ya barabara. Hakufa wala hakufilisika. Amefungua mkahawa, ghorofa ya kwanza, mwendo wa dakika kumi kutoka pale kilipokuwa kibanda chake. Wanafunzi wenzangu wameipokea habari hii kama msiba. "Amejisahau," wanasema. "Rolex ya kwenye sahani si rolex." Ninaandika kuipinga hukumu hiyo, na sina budi kukiri kwanza kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa walioitoa kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa msomaji asiyeijua Kampala, rolex ni chapati iliyoviringwa pamoja na mayai ya kukaanga yaliyochanganywa na vitunguu, nyanya na kabichi. Haihusiani na saa ya mkononi. Jina lilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringwa, nasi tukayafupisha mpaka yakawa neno moja. Masimulizi mengi huwataja vijana kutoka Busoga kuwa ndio waanzilishi, na huitaja Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, kuwa mahali ilipojipatia umaarufu kwa kuwalisha wanafunzi. Kwa sababu hiyo sisi wanafunzi tunaamini kwamba rolex ni mali yetu, na mpishi wake pia.

Siku ya kwanza tulikwenda wanne. Tulikuta sakafu ya vigae, viti vyenye mito na kijana aliyevaa aproni akitupa orodha ya vyakula. Rolex ya mayai mawili, tuliyozoea kuinunua kwa shilingi 3,000, ilikuwa shilingi 9,000. Ililetwa kwenye sahani, imekatwa vipande, na uma pembeni. Hatukuliona tawa, hatukusikia mayai yakipigwa kikombeni, hatukupata nafasi ya kusema, "Ssebo, ongeza pilipili." Tuligawana rolex mbili, tukashuka ngazi tukinung'unika. Kufikia jioni bweni zima lilikuwa linajua kwamba mpishi wetu ameharibika.

Tuanze na bei, maana ndiyo iliyotuuma zaidi. Trei ya mayai 30 mtaani kwetu ni shilingi 13,500, yaani yai moja ni shilingi 450. Mayai mawili ni 900. Mpishi aliwahi kutuambia kwamba unga, mafuta, nyanya, vitunguu na mkaa humla kama 1,400 kwa kila rolex. Katika zile 3,000 alibaki na 700, na humo alitakiwa kutoa kodi ya chumba chake, karo ya watoto na ujira wa kijana aliyemsaidia kukanda. Rolex haikuwa rahisi. Sehemu ya gharama yake aliilipa yeye, kwa kusimama mbele ya jiko tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Mvua iliponyesha, sisi tulikimbilia chini ya vibaraza, yeye akalifunika jiko. Mwanzoni mwa mwaka 2022, wachuuzi walipoondolewa katika barabara za Kampala, alipoteza meza na mwavuli, akaanza upya kwa kukopa. Alitusimulia hayo huku anageuza chapati, nasi tukatikisa vichwa na kuomba atuongezee chumvi.

La pili ni ladha. Ninakubali kwamba chapati ya jiko la gesi haina ule moshi wa mkaa. Lakini mikono ni ileile na unga ni uleule. Tunachokikosa hasa ni raha ya kumtazama mtu akituhangaikia juani. Kunywa kahawa katika mikahawa yenye kiyoyozi, kikombe kimoja kwa bei inayokaribia ya rolex ile, ilhali kahawa hiyo imelimwa hapahapa Uganda, hakujamfanya yeyote kati yetu aseme kwamba mwenye mkahawa amejisahau. Huyo tunamwita mfanyabiashara. Wa kwetu akipanda ghorofa moja tu, tunamwita mwenye majivuno.

Wapo watakaouliza: mwanafunzi mwenye shilingi 3,000 ale wapi? Swali ni la haki, ila limeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Kulisha wanafunzi maskini si wajibu wa mtu mmoja mwenye tawa. Isitoshe, pale pale palipokuwa kibanda chake, kijana mwingine tayari amewasha jiko, na kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe, bado inauzwa kila kona.

Nina lawama moja kwa mpishi wetu, kwa kuwa mgala muue na haki mpe. Katika orodha yake ya vyakula neno rolex halimo. Limebadilishwa kuwa maelezo marefu ya Kiingereza, kana kwamba jina lililomlisha linaona aibu kuingia ndani. Hilo ndilo sisi wanafunzi wa lugha tungepaswa kumlalamikia. Badala yake tulilalamikia viti.

Sijalitaja jambo linalonisumbua zaidi. Kibandani palikuwa na daftari la madeni, na jina langu lilikuwamo: shilingi 21,000, rolex saba nilizokula muhula uliopita nikiahidi kulipa fedha zikitumwa kutoka nyumbani. Fedha zilitumwa. Sikulipa. Siku ile tulipopanda mkahawani, alitoka jikoni kutusalimu, akauliza kuhusu mitihani, na hakutaja deni. Nami nikashuka ngazi nikisema kwamba yeye ndiye aliyebadilika.

Jumamosi nilirudi peke yangu na kumlipa. Alifungua daftari lilelile, lenye madoa ya mafuta, akapiga mstari juu ya jina langu. Kurasa zile zilikuwa bado na majina mengi, na mengine ni ya hao hao wanaosema amejisahau. Kabla hatujaendelea na mjadala wetu kuhusu rolex halisi, napendekeza kila mmoja wetu apande zile ngazi akalipe.