Rejeta Mpya au ya Mtumba: Gharama Isimwangukie Dereva



Magari mengi yanayotubeba sisi na mizigo yetu yalikwisha kutumika nchi nyingine kabla ya kufika huku. Ndivyo yalivyo malori ya samaki yanayotoka Kashikishi, na pikapu zinazopita Nchelenge, Kenani na Mantapala. Rejeta ya gari kama hilo inapotoboka, mabishano huanza palepale: mmoja ataka mpya, mwingine asema ya mtumba yatosha.

Maoni yangu ni kwamba mabishano hayo hayawezi kumalizwa kwa kutazama bei peke yake. Yafaa tuulize mambo mawili. Kwanza, rejeta hiyo ina hali gani? Pili, ikishindwa njiani, ni nani atakayelipa?

Tuanze na kazi yake. Maji huzunguka ndani ya injini, huchukua joto, kisha hupita katika vijibomba vya rejeta na kupozwa na upepo. Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya injini yasichemke mapema ni kifuniko cha rejeta, ambacho hufunga shinikizo ndani. Kwa sababu hiyo kifuniko kibovu chaweza kuchemsha gari lenye rejeta nzima. Pia ndiyo sababu utingo anayekifungua gari likiwa la moto hurushiwa maji na mvuke usoni. Kifunguliwe injini ikiisha kupoa, wala si kabla.

Basi kabla ya kuilaumu rejeta, chunguza kifuniko, mipira ya maji, mkanda wa feni, pampu ya maji, thamostati na gasketi ya silinda hedi. Wako wenye magari walionunua rejeta mbili mfululizo kumbe gasketi ndiyo iliyoungua. Na ile desturi ya kung'oa thamostati na kuitupa si matengenezo. Injini hukaa baridi kupita kiasi, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi.

Sasa tuje kwenye mtumba. Rejeta za zamani zilitengenezwa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, zikaungwa kwa lehemu. Fundi hodari aweza kuifungua, kuizibua, kuilehemu, hata kuibadilisha kiini chote na kuacha matangi yake ya awali. Rejeta za siku hizi zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki. Ni nyepesi na hupoza vizuri, lakini plastiki ikipata joto miaka mingi huwa kavu na hupasuka, na mpasuko huo hauzibiki kwa kudumu. Kwa hiyo mtumba wa shaba na mtumba wa plastiki si kitu kimoja. Wa kwanza waweza kufufuliwa. Wa pili mara nyingi unanunua uzee wa mwenzako.

Lakini hata mpya si zote njema. Ziko za bei rahisi zenye kiini chembamba kuliko kile cha awali, ambazo hukaa vizuri gari likiwa tupu na kuchemka likipakiwa. Neno "mpya" halipozi injini.

Mfano wa jambo hili tunao katika historia ya magari ya mashindano ya Afrika Mashariki. Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili, lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda. Leo magari ya aina hiyo yamekuwa mali ya watu wanaopenda vya kale. Mwenye gari kama hilo rejeta ikimharibikia, aweza kuisuka upya ile ya shaba ili gari libaki na asili yake, au kufunga mpya ya alumini ipoze zaidi. Vyovyote achaguavyo, hupima na hungoja mpaka kazi iishe. Gari likikaa gereji mwezi mzima, hakuna anayelala njaa. Lori letu lina mzigo wa samaki usiongoja, tena lina watu juu. Ikiwa gari la starehe hupewa uangalifu huo, lori la kazi listahili zaidi.

Anayelazimika kununua mtumba asitoe fedha kabla ya kufanya haya:

1. Alinganishe kipimo cha mwili, unene wa kiini, matundu ya mipira na nafasi ya feni.

2. Amimine maji juu atazame yanavyotoka chini. Yakitoka kwa kusitasita, vijibomba vimeziba.

3. Aguse vibati vyembamba kwa kidole. Vikimomonyoka, airudishe kwa mwenyewe.

4. Azibe matundu, aizamishe katika pipa la maji na kuijaza upepo kidogo, bila kuzidi namba ya kifuniko chake. Mapovu yakionekana, inavuja.

5. Apatane na muuzaji kwa maandishi kwamba ataipokea tena ikishindwa katika siku za kwanza.

Ikiisha kufungwa, isijazwe maji ya ziwani wala ya kisima chenye chumvi. Itiwe dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi. Huku hatuna barafu, lakini dawa hiyo huzuia pia kutu. Dawa kuukuu isimwagwe karibu na visima, kwani ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mifugo.

Ndugu zangu, nimeacha mwisho lile linalouma zaidi. Mwenye lori hununua mtumba usiopimwa ili abane matumizi. Lori likichemka porini na samaki wakaoza, dereva huambiwa hakuangalia geji, na thamani ya rejeta hukatwa katika mshahara wake. Kibarua asiye na mkataba hukubali kwa kuogopa kufukuzwa, na wengi wetu tuliovuka kutoka Kongo tu vibarua. Hivyo tajiri amebaki na faida ya mtumba, na mfanyakazi amebebeshwa hasara yake.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Rejeta nzima katika gari linalobeba wafanyakazi ni usalama kazini, sawa na breki.

Kwa hiyo naomba kila tawi litake mambo matatu kwa mwajiri. Kila gari liwe na daftari ambamo dereva ataandika hitilafu na msimamizi atatia sahihi. Mtumba wowote upimwe mbele ya dereva kabla ya kufungwa. Na pasiwe na makato ya mshahara kwa kipuri kilichochakaa. Kwa malori ya samaki, miezi ya marufuku ya uvuvi, Desemba hadi Februari, ndiyo ya kufanyia matengenezo makubwa, maana mzigo ni haba.

Mwenye gari ana hiari ya kuchagua mpya au mtumba. Akiisha kuchagua, na alipe mwenyewe.