Kifaru Kikuukuu na Mikono ya Mafundi

Yako mambo ya nchi za mbali ambayo mfanyakazi hana budi kuyatazama kwa makini, ijapokuwa hayakutendeka mlangoni pake. Moja la hayo ni habari ya vifaru vya Uingereza. Mwezi wa Mei mwaka 2021 Serikali ya nchi hiyo ilitia sahihi mkataba wa pauni milioni 800 ili vifaru 148 vya aina ya Challenger 2, vilivyoanza kutumika jeshini mwaka 1998, vifanywe upya na kuitwa Challenger 3.

Wako waliocheka. Walisema kwamba dola iliyojivuna kuwa ya kwanza kupeleka vifaru vitani, mwaka 1916, sasa inashona viraka. Sisi hatucheki. Kiwiliwili cha chuma kizuri hudumu miaka mingi, na mwenye kutengeneza alicho nacho badala ya kukitupa hana la kumwonea haya mtu. Kila fundi wa karakana ya reli anajua hivyo.

Tena kasoro yenyewe ilikuwa ya kweli. Mzinga wa Challenger 2 una mifuo ndani ya mtutu wake, hali vifaru vya Wajerumani na Wamarekani, walio wenzi wa Uingereza katika NATO, vina mitutu laini. Yote ni ya milimita 120, lakini risasi za huyu haziingii katika mzinga wa yule. Mwezi wa Januari 2023 Uingereza ilipotangaza kuipa Ukraine vifaru 14, ilibidi na risasi zake zitoke huko huko. Zile za vifaru vya Leopard 2, ambavyo Ukraine ilipewa na wengine, hazikuwafaa. Basi ikaamuliwa mzinga ubadilishwe. Na hapo ndipo kazi inapokuwa kubwa, kwa maana risasi ya zamani hupakiwa vipande vipande, kombora mbali na baruti mbali, nayo ya mtutu laini ni moja, ndefu, isiyokatika. Mahali pa kuiweka hapakuwapo. Ndiyo sababu kichwa chote cha kifaru, kile kinachozunguka na kubeba mzinga, kinaundwa upya, pamoja na darubini za kuonea usiku. Injini haikutupwa, inarekebishwa tu.

Lakini mzinga huo mpya ni wa nani? Ni wa kampuni ya Rheinmetall ya Ujerumani. Na kiwanda cha Telford, kilichopewa kazi hiyo, ni cha nani? Tangu mwaka 2019 asilimia 55 yake ni mali ya Rheinmetall hiyo hiyo. Hatuwalaumu Wajerumani, wala hatuoni vibaya mataifa kushirikiana. Twauliza tu imekuwaje.

Imekuwa hivi. Jeshi la Uingereza lilinunua vifaru 386 vya Challenger 2. Nchi ya nje iliyovinunua ilikuwa moja tu, Oman, nayo ilichukua 38. Kazi ilipokwisha, hakuna aliyefikiri kuhusu kesho ya waliovifanya. Kiwanda cha Leeds kikafungwa. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba kile cha Newcastle nacho kitafungwa, katika mji ambao Armstrong alianzisha viwanda vyake ukingoni mwa mto Tyne mwaka 1847. Mabepari walihesabu faida ya mwaka ule, na Serikali ikakubali hesabu yao.

Chuma kilibaki bandani, kikingoja. Mchomeleaji wa deraya hangoji. Ana watoto, hutafuta kazi kwingine, au huzeeka, na ujuzi wake huondoka naye kwa kuwa hapana mwanagenzi aliyesimama kando yake akitazama. Hasara hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la fedha. Ilionekana miaka mingi baadaye, taifa lilipotaka kufanya upya kifaru chake lenyewe na kulazimika kumtafuta mwenzi.

Kwa mkataba wa 2021 Serikali ilitangaza nafasi za kazi 200 katika kampuni hiyo ya Telford, za mainjinia 130 na mafundi 70. Ni jambo jema. Ila vifaru ni 148 tu, na shabaha iliyowekwa ni kwamba viwe tayari vyote mwaka 2030. Kitakapotoka cha mwisho, vijana hao watapewa kazi gani siku ya pili yake? Vyama vya wafanyakazi vya Uingereza havina budi kulidai jibu hilo sasa, tena kwa maandishi, wakati Jeshi lingali linaihitaji mikono yao.